Wiki Sita za Bwana Hesketh

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Ogden. Mwalimu Mkuu, Bi. Threlfall; walimu wa zamani na wa sasa; ndugu wazazi; wanafunzi, hasa nyinyi wa mstari wa nyuma mliokuja kwa sababu mmesikia kuna keki; na akina mama wa jikoni, ambao mimi ningewataja wa kwanza kama Bi. Threlfall asingenipa utaratibu wa nani atangulie nani. Nawasalimu nyote.

Kabla sijaenda mbali, hebu niambieni, saa ile ya ukutani ni nzima? Inasema saa ngapi? Kumi na dakika ishirini. Vizuri sana. Nilitaka kuwa na hakika kwamba saa kumi imepita. Sababu nitaisema, msinikimbize.

Mimi ni Beryl Clegg. Wakubwa mnanijua, wadogo mnaijua ndoo yangu. Miaka ishirini na tisa nimepiga deki maabara za shule hii, na mara mbili mmejaribu kunistaafisha, mara ya pili ndiyo mkaniweza. Sikusoma. Nilipokuwa na miaka saba kifua kiliniuma, nikalazwa miaka mitatu kule juu mlimani, vitanda vimepangwa nje barazani hata theluji ikianguka, eti hewa baridi ni dawa. Nilipotoka wenzangu walikuwa wameshafika mbali, mimi na herufi tukawa tunatazamana tu. Nikaenda kiwanda cha pamba, kiwanda kikafungwa, nikaja hapa. Kwa hiyo hotuba hii haikuandikwa popote. Imo kichwani, na kichwa changu ni kama droo ya jikoni: unatafuta kijiko, unatoa kwanza uzi, betri, na picha ya harusi ya mtu usiyemjua. Mtanivumilia.

Nimeombwa maneno mawili ya kumuaga fundi wa maabara yetu, Bwana Desmond Hesketh. Ni yule pale, mwenye koti la kijivu, anayetazama viatu vyake. Miaka thelathini na nne. Anaondoka miaka mitatu kabla ya wakati wake, na nyote mnajua kwa nini, ingawa leo mmekula pai na kusema habari za hali ya hewa. Anaondoka kwa sababu kwenye ripoti ya bodi kuna neno moja, na neno hilo ni "uzembe". Mjukuu wangu alinisomea, nikamwambia arudie, nikidhani kakosea. Basi mimi nimesimama hapa kwa ajili ya neno hilo, si kwa ajili ya pai, ingawa pai ilikuwa nzuri, Doreen, ila viazi ulivipunja chumvi.

Fundi wa maabara ni nani, jamani? Mwalimu wa kemia anasimama mbele ya darasa, maji ya bluu yanageuka meupe, watoto wanashangilia. Nani aliyapima yale maji asubuhi? Mwalimu wa baiolojia anapasua moyo wa kondoo, wavulana wakubwa wanazimia. Nani alikwenda buchani kwa Bwana Pickup akasema, "Naomba mioyo kumi na tano," akatazamwa kama mchawi? Na kila kitu kikishamwagika, kikishavunjika, kikishanuka, nani anabaki nacho? Ni yeye, na nyuma yake mimi na ndoo.

Siku yangu ya kwanza alinikuta nimefungua chupa moja nanusa. Hakunifokea. Akasema, "Bi. Clegg, ukikutana njiani na mbwa usiyemjua, unampelekea pua?"

Nikasema, "Hapana."

"Haya basi."

Sijanusa kitu tena hapa mpaka leo. Hata chai ya chumba cha walimu nilikuwa nainywa bila kuinusa, na nadhani ndiyo iliyoniokoa.

Sasa nifike kwenye chupa. Nyuso zimebadilika, naziona. Ndiyo, chupa ile ile.

Ilikuwa kwenye kabati la chuma kabla Bwana Hesketh hajaajiriwa, kabla yangu, labda kabla ya paa. Ndani yake unga wa njano, wa kupimia vitu zamani, siku hizi hakuna anayeutumia. Tabia ya unga huo ni moja: ukilowa ni mpole kama uji wa shayiri, ukikauka una hasira mbaya, hulipuka hata kwa kuguswa tu. Hivyo unakaa ndani ya maji, basi. Bwana Hesketh aliandika barua waje kuuchukua wanaojua kuuchukua. Akaandika ya pili. Akaandika ya tatu. Kila mara akajibiwa kwamba barua imepokelewa. Akasema, "Beryl, kama hawaji, tutaitunza." Kitabu cha kazi yake kinasema chupa ya namna hiyo uitazame mara moja kwa mwaka. Mara moja! Yeye akaitazama kila Ijumaa. Akachora kadi yenye visanduku, kisanduku kimoja Ijumaa moja, akaitundika kwa uzi mlangoni mwa kabati, na kila Ijumaa alipomaliza akatia saini. Miaka mingapi? Kadi zilijaa sanduku la viatu.

Sikilizeni hapo, wanafunzi, maana hapo pana fundisho na mimi sitoi mafundisho mengi. Angekuwa mvivu, akaitazama mara moja kwa mwaka kama kitabu kinavyomruhusu, kadi yake isingekuwa na pengo hata moja, na leo angekuwa kazini. Ni uangalifu wake uliochora visanduku. Na ni visanduku vilivyomshtaki.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, huko juu walishtuka kuhusu unga wa njano mashuleni, wakatuma watu kukagua makabati. Kwetu alikuja kijana mmoja, safi, viatu vinang'aa. Nilikuwa kwenye korido na ndoo, nasikia kila neno, maana mtu mwenye ndoo haonekani. Akashika kadi.

"Kiangazi cha mwaka uliotangulia. Visanduku sita havina saini. Ulikuwa wapi?"

Bwana Hesketh akasema, "Sikuwepo."

"Nani alikuwepo?"

Bwana Hesketh akatazama viatu vyake.

"Kwa hiyo chupa ilikauka."

"Haikukauka."

"Umejuaje, na hukuwepo?"

Mimi nimesimama, maji yanachuruzika kwenye viatu vyangu.

Jamani, baada ya vile visanduku sita vilivyo vitupu palikuwa na vingine zaidi ya sitini vilivyojaa. Na chupa ni ya kioo, ukiinama unaona maji. Kijana yule akaona sita, akaacha sitini. Akasema ikishakauka hata mara moja, chembe hubaki shingoni mwa chupa, wala haiguswi. Akatoka nje kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia, na hakuna kinachotisha watu kama mtu anayejizuia kukimbia.

Yaliyofuata mnayajua. King'ora. Watoto mia sita na arobaini nje kwenye mvua, darasa moja wakiwa na kaptura za michezo. Utepe wa polisi pande zote mbili za barabara. Nyumba ya wazee ng'ambo ikahamwa pia, na Bwana Ramsden akatolewa na kiti chake na sahani yake mapajani, anasema, "Vita ile ya Hitler sikuhamishwa, leo nahamishwa na maabara." Jeshi likaja, likachimba shimo kwenye uwanja wa mpira, likaitia chupa humo, likarundika mifuko ya mchanga, tukaambiwa tuzibe masikio. Tukaziba. Mlio wenyewe ulikuwa kama mtu kaubamiza mlango kwa hasira.

Bi. Threlfall, mwanangu, usiiname. Sikulaumu, na sitaki mtu akulaumu. Nilikuona siku ile. Ulisimama kwenye mvua bila koti, ukahesabu watoto, ukamaliza, ukarudia, ukamaliza, ukarudia. Mara tatu. Midomo imekuwa ya buluu. Anayehesabu watoto wa watu mara tatu hana ubaya moyoni. Aliogopa, na aliogopa kwa ajili yao. Ila hofu, hata ikiwa ya upendo, ikishaingia nyumbani haijui kutoka. Baada ya siku ile siki ikafungiwa kabatini na kufuli mbili. Watoto wakavalishwa miwani ya kinga ili watazame jani. Mwezi wa pili msichana mmoja akamwagikiwa siki mkononi, siki ile ile anayoinyunyiza kwenye chipsi kila Ijumaa, na tukamwitia gari la wagonjwa. Dereva wa gari akauliza, "Chumvi je, alikuwa nayo?" Vichomeo vya gesi vimeng'olewa. Sasa watoto wanaonyeshwa moto kwenye skrini. Nilimuuliza kijukuu changu, "Leo mmejifunza nini?" Akasema, "Kuhusu moto, bibi." "Ulikuwa na joto?" Akanitazama kama mimi ndiye mjinga.

Nimetoka njiani. Narudi.

Siku ile nilichemsha chai kanisani, maana penye askari na mvua mtu lazima achemshe chai. Akaja sajenti mmoja, Mskoti, kijana tu, masikio makubwa. Nikampa kikombe na kipande cha keki ya tangawizi. Nikamuuliza, "Mwanangu, ile chupa ilikuwaje?"

Akasema, "Mama, nisikufiche. Ilikuwa imelowa vizuri kabisa. Hata shingoni safi. Mlio uliousikia ni wa baruti yetu wenyewe. Aliyeitunza alijua kazi."

Nikasema, "Hukuwaambia wakubwa?"

"Nimeandika kwenye fomu."

Fomu! Barua imepokelewa, fomu imeandikwa, na ripoti ikaja na neno lake: uzembe wa wiki sita.

Sasa, kwa nini nimeuliza saa? Kwa sababu mkataba wa Bwana Hesketh umekwisha leo saa kumi kamili. Mpaka saa kumi alikuwa mwajiriwa wa shule hii na mngeweza kumfukuza. Sasa hamwezi. Na aliniapisha, kwa jina la mama yangu, kwamba maadamu yuko kazini sitafungua mdomo. Ameshatoka kazini. Mdomo naufungua.

Wiki zile sita chupa ilinyweshwa maji kila Ijumaa. Niliinywesha mimi.

Ndiyo. Mimi, mpiga deki, nisiyeidhinishwa, nisiyejua kusoma jina lililoandikwa juu yake.

Bwana Hesketh, kaa chini. Nimesema kaa. Unasema nini? "Beryl, inatosha." Haitoshi. Miezi yote hii umeniambia inatosha, na kila siku ninakuona dukani unazunguka upande wa pili wa rafu ili usikutane na wazazi. Kaa, Desmond, tafadhali.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya likizo ile ya kiangazi. Akaja kwenye kistoo changu cha mifagio, akasimama mlangoni, mikono hajui aiweke wapi.

"Beryl, Noreen wamemhamisha. Wamempeleka ile nyumba ya wagonjwa kule kilimani."

Sote tunaijua nyumba ile. Watu hawapelekwi kule kupona. Noreen alikuwa mkewe, kwa wale msiomjua, na msiomjua mmekosa, maana kicheko chake kilikuwa kinapasua ukuta.

Nikamuuliza, "Madaktari wanasemaje?"

"Wanasema wiki. Hawasemi miezi."

"Sasa unafanya nini hapa? Nenda."

"Ni Ijumaa."

"Kwani Ijumaa kuna nini?"

"Chupa," akasema. Na hapo akalia, mtu yule mrefu, amesimama kati ya mifagio.

Nikamwambia, "Nipe funguo, unionyeshe mara moja, halafu sitaki kuona sura yako hapa."

Akanionyesha. Alinionyesha kama mtu anavyomwonyesha mwenzake kubeba mtoto mchanga. "Usikaze. Usigonge. Usiharakishe. Maji yaliyosafishwa, ya kwenye dumu hili, si ya bomba. Yakiwa chini ya mstari, ongeza mpaka kwenye mstari. Rudisha kizibo, funga kabati, nenda zako." Nikarudia mbele yake mara nne.

Nikasema, "Na kadi?"

"Kadi usiiguse. Hujaidhinishwa, watakufukuza."

"Basi utaijaza mwenyewe ukirudi."

Akanitazama. "Beryl, siwezi kutia saini siku ambayo sikuwepo."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Mnaona? Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Saini sita, dakika moja, na hakuna jeshi, hakuna mvua, hakuna Bwana Ramsden barabarani na sahani. Mtu mwongo angeziandika na leo mngempa saa ya dhahabu. Yeye aliviacha vitupu kwa sababu vilikuwa vitupu. Na kijana yule alipomuuliza nani alikuwepo, angeweza kusema, "Beryl Clegg." Maneno mawili. Hakuyasema, kwa sababu nilikuwa na miaka sabini na mbili, na alijua kazi ndiyo iliyokuwa inanitoa nyumbani.

Najua alivunja sheria. Mpiga deki hapewi funguo za kabati lile, na sheria hiyo ni nzuri, watoto msicheke, ni nzuri. Kama mnataka kuandika kosa, Bwana Ogden, liandikeni lilivyo: kwamba alimpa funguo mtu asiyeruhusiwa, na mtu huyo akazichukua. Niandikeni na mimi. C, L, E, G, G. Hilo najua kuliandika. Lakini neno lile lingine lifuteni, kwa sababu si kweli.

Kila Ijumaa nilipomaliza kufunga kabati nilipanda kile kilima, mguu wangu huu wa kushoto unalalamika, mpaka kwenye nyumba ile, nimpe Desmond habari. Alikuwa ameketi palepale kila mara, kiti kimeburutwa mpaka kimegusana na kitanda. Noreen ndiye aliyekuwa ananiuliza. Amebaki mifupa, lakini ulimi bado mzima.

"Mtoto wa kambo hajambo?"

"Hajambo, amekunywa, amelala."

"Afadhali yeye. Mimi wananinyima hata bia."

Na ananikonyeza, halafu anamwambia mumewe, "Unaona? Beryl anamlea vizuri kuliko wewe." Na Desmond anacheka, na mkono hauachii.

Ijumaa ya sita nilifika, nikakuta pazia limeshushwa nusu. Muuguzi akanifanyia ishara nisiingie. Nikasimama mlangoni. Noreen amefumba macho, pumzi inakuja, inakwenda, inakawia kurudi. Desmond hakunitazama. Nikafikiri niondoke. Halafu nikafikiri, hapana, huyu mtu atakaa hapa na nusu ya akili yake iko kabatini. Nikasema polepole tu, "Desmond, amekunywa."

Noreen akanisikia. Macho hakufumbua. Akasema, "Basi utabaki."

Desmond akasema, "Nitabaki."

Akabaki. Alfajiri ya Jumamosi ndiyo Noreen alipokwenda, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe.

Hizo ndizo wiki sita, mabwana na mabibi. Hivyo ndivyo visanduku sita visivyo na saini. Mmeniambia niseme maneno mawili kumhusu Desmond Hesketh, na nimesema mengi, nisameheni, lakini mawili yale niliyokuja nayo ni haya: Desmond hakuzembea. Hakuzembea huku shuleni, na hakuzembea kule kilimani.

Bi. Threlfall, naona umesimama, na naona unaelekea kwake. Nenda, mwanangu, usinisubiri mimi. Bwana Ogden, naona na wewe unatafuta kalamu. Naweza kutia saini lolote mtakaloliandika.

Desmond, nyanyua uso. Wanasimama. Wote wanasimama, hata wale wa keki. Tazama.

Mmenipa masikio yenu mpaka chai imepoa, na mtu mzima haombi zaidi ya hapo. Asanteni nyote kwa kunisikiliza.